Kiroba Kibaki Chini

Mchimbaji anayelipwa kwa viroba vya mawe hafundishiki kukimbia hatari mpaka kwanza uzungumze na mwenye shimo kuhusu viroba hivyo. Hili nimelijifunza Kampala, mji usio na mgodi wowote wa chini ya ardhi, ndani ya ghala la kukodi huko Ndeeba, nyuma ya wauza mbao. Wachimbaji wadogo walitujia kwa mabasi kutoka Busia, Mubende na Kasese. Viongozi wao huitwa mjini mara kwa mara kwa vikao vya leseni na vyama, basi tukaona afadhali mafunzo ya kutoka salama mgodini yawakute hapo hapo, waje na vijana wao, walale siku chache, warudi na kitu cha kuwafaa.

Ndani ya ghala tulijenga njia ya mgodi kwa mapaleti na mabati yaliyochakaa. Tuliifanya nyembamba, mtu mwenye mwili apite ubavu, na chini kiasi kwamba ukinyanyuka unagonga kofia. Ilikuwa na njia panda tatu na kichochoro kimoja kisichotoka. Juu tulitandaza turubai. Moshi ulitoka kwenye mashine wanayokodisha watu wa muziki kwa ajili ya harusi. Si moshi wa moto, lakini ukijaa huoni kiganja chako mwenyewe. Anayeingia alivaa miwani ya kuchomelea iliyonunuliwa Katwe, vioo vyake vimezibwa kwa utepe mweusi. Mlio wa kompresa tuliurekodi kwa simu tukaupiga kwa spika, maana mchimbaji hufanya kazi na mlio huo masikioni kutwa nzima, na siku ukinyamaza ghafla huo ukimya peke yake unatosha kumchanganya.

Kisha kamba. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Marekani sheria inataka njia ya kutokea iwe na kamba ya kushika, na juu ya kamba hiyo kuna koni zilizoelekezwa upande mmoja. Koni hizo haziuzwi Kampala. Tulinunua faneli za plastiki sokoni Owino, zile za kumiminia mafuta ya taa, tukakata midomo yake na kuzipitisha kwenye kamba ya manila, kila moja ikikazwa kwa fundo. Ncha nyembamba ya faneli inaelekea ndani ya mgodi. Ukiwa unatoka, mkono unaanza kugusa wembamba, unateleza juu ya faneli bila kukwama. Ukigeuka ukawa unarudi ndani, kiganja kinagonga ule mdomo mpana na kusimama. Hakuna kusoma wala kuona, na hakuna haja ya kukumbuka chochote. Mkono ukikwama, geuka.

Mzee mmoja kutoka Busia, mtu aliyeanza kushuka mashimoni kabla baadhi ya wenzake hawajazaliwa, aliingia akiwa ametulia kabisa. Nilikuwa nimekaa juu ya mapaleti, nimefunua pembe ya turubai, nikimwangalia kwa tochi. Mpaka njia panda ya kwanza mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kamba. Kwenye ya pili akaiacha. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama afanyavyo mtu yeyote gizani, akajipapasa moja kwa moja hadi mwisho wa kichochoro kile kisichotoka. Hapo akasimama, akaanza kuita. Alipotoka nilimwuliza kwa nini aliiacha kamba.

"Mwalimu, mimi njia naijua," akasema. "Naijua njia zote."

Na kweli anazijua. Anaijua njia ya shimo lake kwa taa ya kichwani, kwa upepo unaompiga usoni, na kwa upande mlio wa kompresa unakotokea. Tulikuwa tumemwondolea vyote vitatu kwa pamoja, na moto au mporomoko hufanya hivyo hivyo. Alirudi mwenyewe kwenye foleni ya kuingia, bila kuambiwa. Aliingia tena na tena jioni ile, na kabla ya giza la nje kuingia nilimwona akifika njia panda ya pili, mkono wa kulia ukatangulia kutaka kupapasa mbele, akausimamisha hewani, akaurudisha kifuani. Mkono wa kushoto haukuondoka kwenye kamba. Mtu huyo sasa amejifunza. Angejibu vizuri maswali ya karatasi tangu asubuhi, na yasingemsaidia chochote.

Tulifundisha kwa Kiswahili. Katika shimo moja la Busia unaweza kukuta Msamia, Mganda, Mluo wa upande wa Kenya, kijana wa Geita na mwingine kutoka Ituri, na amri ya kutoka haiwezi kusubiri mkalimani. Maneno tuliyoyatumia yalikuwa machache: toka, kamba, chini, hesabu. Lile la "chini" tulilipata kwa mzee wa Kasese aliyefanya kazi Kilembe ujanani, enzi shaba ilipokuwa ikipanda reli kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi ule ulianza kutoa shaba mwaka 1956, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu waliolelewa na utaratibu wa kampuni kubwa wanazidi kupungua. Yeye aliwaonyesha vijana kwamba katika moshi mzito taa ya kichwani inakurudishia mwanga machoni, unaona ukuta mweupe tu. Ivue, ishike usawa wa goti, uinamishe mwili. Hapo chini moshi huwa mwepesi na utaziona nyayo za aliyekutangulia. Vijana walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi, na ilistahili.

Sehemu ngumu ya mafunzo ilihusu hewa, kwa sababu hapo adui haonekani na watu wana imani zao. Wengi wamezoea kushusha mshumaa kwenye shimo, ukiwaka wanashuka. Mshumaa unasema kweli, ila ni kweli nusu. Huzimika oksijeni inaposhuka kufikia kama asilimia 16, kwa hiyo unasaidia kugundua shimo lililojaa hewa nzito isiyofaa. Lakini kaboni monoksidi, ile gesi inayotoka kwenye injini na kwenye moto unaofukuta, haina harufu wala rangi, na mshumaa utaendelea kuwaka vizuri ndani ya kiwango kinachoua. Gesi hiyo hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, miguu inalegea, anakaa kupumzika kidogo. Hasimami tena.

Ndiyo maana nilikuwa mkali juu ya jambo moja: pampu ya petroli haishushwi shimoni. Maji yakijaa, watu hutaka kuisogeza injini karibu na maji kwa sababu pampu hizo hazivuti kutoka mbali sana. Inashushwa kwa kamba, inawashwa, na baada ya muda aliyekwenda kuiangalia hajibu. Mwenzake anashuka kumtoa. Wa tatu anashuka kuwatoa wawili. Wakazi wa Kampala hawahitaji kwenda mgodini kuyajua haya. Ni vifo vile vile vya mashimo ya vyoo na matangi ya maji machafu, ambapo kijana anazimia chini na ndugu zake wanamfuata mmoja mmoja kwa upendo. Katika ghala tulifanya zoezi la kumshikilia mtu. Mmoja anajifanya amezimia ndani, na kazi ya wenzake wawili ni kumzuia rafiki yake asiingie, wamkumbatie kwa nguvu kama ikibidi, huku wa tatu akifungulia hewa ya kompresa ipulize ndani. Hakuna zoezi lililowauma watu kama hilo. Wapo waliotokwa na machozi, kwa sababu walikuwa wamewahi kuwa nje ya shimo la kweli.

Mwaka 2002 huko Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, makumi ya wachimbaji walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 2008, mahali pale pale, mvua kubwa iliingia mashimoni ikaua makumi wengine. Kamituga, Kivu Kusini, tarehe 11 Septemba 2020, mvua iliwafukia watu wasiopungua 50. Nilizitaja habari hizi kila mara tulipoanza, na kila mara alikuwepo mtu anayemjua mtu aliyekuwa huko. Wachimbaji wa ukanda huu ni watu wa safari. Dhahabu ikisikika Geita wako Geita, ikisikika Ituri wako Ituri. Kwa hiyo unayemfundisha Kampala unamfundishia migodi mingi.

Kuhusu vifaa vya pumzi, yale makopo yanayofungwa kiunoni na kutengeneza oksijeni kwa kemikali, wachimbaji wadogo hawana, na bei yake kwao ni ndoto. Hata hivyo tulifundisha, kwa sababu baadhi yao huishia kuajiriwa kwenye migodi mikubwa ambako watakabidhiwa kopo na kuonyeshwa jinsi ya kulifungua kwa haraka haraka. Huko Afrika Kusini, moto wa Kinross wa Septemba 1986 uliua watu 177. Ulianzia kwenye kuchomelea, ukashika povu la plastiki lililopakwa kwenye kuta, na moshi wa sumu ukasambaa na upepo wa mgodi. Baada ya msiba huo makopo hayo yakawa sehemu ya vazi la mchimbaji nchini humo. Lakini kuwa na kopo ni jambo moja, kulitumia ni jingine. Katika mgodi wa Sago, West Virginia, mlipuko wa Januari 2006 uliwanasa watu 13 waliokuwa na makopo. Akaokoka mmoja, na alisema kwamba angalau manne kati ya makopo hayo hayakufanya kazi. Wachunguzi walipoyapima waliyakuta yamewashwa, na bado yalikuwa na oksijeni ambayo haikutumika.

Mimi naamini pande zote mbili zilisema kweli. Kopo la namna hiyo huanza kwa uzito, hewa yake ni ya moto, unavuta kwa shida, na mtu ambaye hajawahi kuonja hali hiyo ana haki ya kudhani limeharibika. Basi tuliwapa mpira wa mdomoni na kibanio cha puani, tukaweka kitambaa kizito kwenye tundu ili kuvuta hewa kuwe kazi, tukawatuma kwenye moshi wa harusi. Karibu wote, wakifika mahali pa kuchagua njia, waliutoa mpira mdomoni ili waseme na mwenzao. Kwenye gesi ya kweli hilo ndilo neno la mwisho. Tukabuni lugha ya kamba: mvuto mmoja, simama; miwili, twende.

Sasa niseme juu ya viroba.

Tulikuwa tumezoea kuweka viroba vya mawe ndani ya njia ile ya mapaleti ili pafanane na shimoni. Siku moja, ishara ya hatari ikapigwa, moshi ukafunguliwa, na kijana wa Mubende akatoka amechelewa sana, kiroba begani. Ndani ya kiroba hakukuwa na dhahabu. Kilijaa kokoto za Ndeeba, na yeye alijua. Wenzake walikuwa wamekwama nyuma yake kwenye wembamba, kiroba kimeziba njia. Niliwauliza wote kwa nini mtu abebe kokoto kutoka kwenye moto. Kijana mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa upole, akiangalia chini, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, kisichofika juu hakihesabiki."

Hayo ni maelezo kamili ya mfumo wa malipo. Katika mashimo mengi mchimbaji hapati mshahara. Mawe yanayofika juu yanagawanywa: fungu la mwenye ardhi, fungu la mwenye shimo aliyenunua matimba na mafuta ya kompresa, na kinachobaki ndicho cha wachimbaji. Unaweza kukaa wiki nyingi ukipasua mwamba mtupu kabla ya kufika kwenye mshipa wa dhahabu, ukila kwa mkopo. Kiroba cha mshipa ni kodi ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni deni la mama wa chakula. Ukikiacha chini ukakimbia, na kesho shimo likafunguliwa, kitakuwa cha yeyote atakayekitangulia. Kijana yule alikuwa amefanya hesabu sahihi kwa masharti aliyowekewa. Mwili wake ulifanya juu ya ardhi, Kampala, kile ambacho masharti yameufunza kufanya chini.

Tangu hapo niliona kwamba kamba, mshumaa na mpira wa mdomoni ni nusu ya kazi. Tulikwenda kwa wenye mashimo. Walikuwa mjini kwenye kikao, kwenye hoteli moja, na mwenyekiti wao alitupa nafasi baada ya chakula. Sikuwapelekea picha za maiti. Niliwapelekea karatasi yenye sharti moja la kuongeza kwenye mapatano yao na wachimbaji: ishara ya kutoka ikipigwa, kila kiroba kilichojazwa na kufungwa kinahesabika kama kimefika juu, na kinabaki cha waliokijaza mpaka shimo lifunguliwe, na aliyetoka bila ruhusa kwa sababu ameona hatari hakatwi kitu.

Ulizuka ubishi mkali. Mmoja alisema vijana watapiga ishara kila siku wapate kupumzika. Mwingine, mama mwenye mashimo mawili, alimjibu kwamba kijana anayelipwa kwa kiroba hana faida ya kupumzika, na kwamba yeye akishalipa mazishi hakumbuki tena bei ya viroba. Ukumbi ukatulia kidogo baada ya hapo. Niliwaeleza kwamba haki ya kuondoka penye hatari si jambo nililolitunga mimi. Imo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, na imo katika mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1995 unaohusu migodi. Tena sheria mpya ya madini ya mwaka 2022 imewatambua wachimbaji wadogo kama watu wenye kazi halali, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Wa Mubende hawajasahau jinsi walivyoondolewa kwa maelfu mwezi Agosti 2017. Mtu anayetambuliwa na sheria anaweza pia kudai masharti. Baadhi ya wenye mashimo walitia sahihi siku ile ile. Baadhi walisema watafikiri.

Tofauti niliiona ghalani. Vijana ambao shimo lao lilikuwa na karatasi ile waliacha viroba mahali vilipo, mara ya kwanza tu, bila kukumbushwa. Wale wa shimo lisilo na karatasi walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia, kisha ishara ilipopigwa wakainama kuvishika. Mimi ni mwalimu yule yule na maneno yalikuwa yale yale.

Jambo la kuhesabu watu nalo lilitufikisha mahali ambapo sikutarajia. Tuliwauliza viongozi wa zamu: ishara ikipigwa sasa hivi, wangapi wako chini? Walikadiria. Wengine walitofautiana wao kwa wao juu ya shimo moja. Mtu huingia bila kusema, mwingine hutoka kupitia shimo la jirani, wa tatu amempa binamu yake zamu. Wakati huo alikuwepo mama mmoja aliyekuja na kundi la Busia kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapikia kule. Alitaja majina yote ya zamu ya mwisho, moja moja, kwa mpangilio wa sahani. Anajua aliyeshuka bila kula, anajua aliyekula na hajalipa, anajua nani amepanda. Deni lake linamlazimisha kujua. Tangu siku hiyo tumewaomba wenye mashimo wamlipe mtu wa namna hiyo kidogo, wampe ubao na vibati vyenye namba, awe ndiye mwenye hesabu rasmi, na neno lake ndilo liamue kama watu wote wametoka. Waokoaji wengi wamepoteza uhai wakimtafuta mtu ambaye alikuwa nyumbani kwake amelala.

Watu wakisikia kazi yangu huniuliza juu ya Nyangalata, kule Shinyanga, ambako wachimbaji watano walitolewa hai mwezi Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakila mizizi na wadudu. Au Geita, ambako Januari 2017 watu 15 walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Ni habari zinazotia moyo na ninazipenda. Lakini mwokoaji anatoka mbali. Kutoka Kampala hadi Busia ni saa kadhaa za barabara pasipo msongamano, Kasese ni siku nzima, na hewa ya shimo dogo haisubiri. Hata wale 33 wa mgodi wa San José, Chile, mwaka 2010, ambao dunia nzima iliwatazama wakitolewa baada ya siku 69, walijaribu kwanza kupanda kupitia njia ya hewa mara tu walipofungiwa. Ngazi hazikufika juu. Mgodi ulikuwa umeagizwa kuziweka.

Kwa wachimbaji wadogo ngazi hiyo ni shimo la jirani. Mara nyingi mashimo mawili yanafuata mshipa mmoja, yamekaribiana kiasi kwamba watu wa upande huu wanasikia nyundo za upande ule. Kuyaunganisha ni kazi ya siku chache, na papo hapo kila mmoja anapata mlango wa pili na upepo unaopita. Hawafanyi hivyo kwa sababu wanaogopana: kupitia tundu hilo viroba vitahama usiku. Tulipendekeza mlango wa mbao wenye lakiri, usio na kufuli, ambao mtu wa upande wowote anaweza kuuvunja kwa teke, na kila asubuhi wawakilishi wa pande zote mbili wanaangalia kama lakiri ni nzima. Wenye mashimo wawili wa Busia, majirani waliokuwa hawasalimiani, walikubali kujaribu baada ya vijana wao kupita pamoja kwenye moshi wa Ndeeba. Wengine bado wanabishana juu ya nani anunue matimba ya kushikilia njia hiyo. Kundi linalofuata linatoka Mubende, na safari hii nimeomba wenye mashimo wafike kwanza, siku moja kabla ya vijana wao, wavae miwani, waingie mle ndani wenyewe, na kiroba.